Ngoma na Nyuzi: Nani Anamngoja Nani?

Limezuka neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika matangazo ya muziki, nalo ni "mchanganyiko". Kikundi kikipandisha jukwaani ngoma mbili na fidla moja, mtangazaji hutuambia kwamba tumeletewa mchanganyiko wa tamaduni, na hadhira hupiga makofi kabla hata sauti moja haijasikika. Sina ugomvi na makofi. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe, kwa maana mchanganyiko ni sifa ya mchanga na saruji, au ya mchele na maharage. Halituelezi ni kitu gani kimetawala na kipi kimemezwa. Makala haya yanakusudia kuuliza swali lililo dogo zaidi na, kwa maoni yangu, lenye faida zaidi kwa mwalimu: ngoma na ala za nyuzi zinapokutana, ni nani anayemngoja mwenzake?

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Mswahili hupiga ngoma, hupiga fidla, hupiga udi, hupiga kinanda na hupiga hata picha. Kitenzi ni kimoja, na mikono yote imekuwa mkono mmoja. Kirundi hakikubali wepesi huo. Ngoma "huvuzwa", yaani hufanywa iseme. Na mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma. Ama inanga, ile ala yetu ya nyuzi iliyochongwa mfano wa hori la mbao, "hucurangwa", na kitenzi hicho hakiwezi kamwe kupewa ngoma. Tena katika Kirundi ingoma ni ala na pia ni utawala wa mfalme. Ilhali katika Kiswahili ngoma ni ala, na mchezo wenyewe, na mkusanyiko mzima wa watu waliokuja kuucheza. Kwa hiyo sisi tunaokaa hapa Muhuta, baina ya milima inayosema Kirundi na ziwa ambalo wavuvi na wachuuzi wake husema Kiswahili kutoka Rumonge hadi Uvira na Ujiji, tunazo masikio mawili juu ya jambo hili. Sikio moja linasikia kwamba kila ala ni ya kupigwa tu. La pili linasikia kwamba ngoma na nyuzi ni watu wa nyumba mbalimbali.

Nadhani sikio la pili ndilo lililo karibu zaidi na ukweli wa sauti. Sauti ya ngoma huzaliwa ikiwa kamili na kufa papo hapo. Sauti ya fidla huvutwa kwa upinde. Yaweza kuzaliwa polepole, ikakua, ikanyooka, ikafifia kwa hiari ya mpigaji. Udi, kanuni na inanga ziko katikati, kwani hudonolewa kwa vidole, hivyo huanza kwa kishindo kidogo kama ngoma na kumalizika kwa mlio kama fidla. Zaidi ya hayo liko jambo la nguvu. Okestra kubwa ya Ulaya hukusanya mafidla thelathini au zaidi ili nyuzi ziweze kuijaza nyumba. Ngoma tatu zilizochongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe huijaza nyumba hiyo hiyo bila jasho, tena zikaizidi. Mtunzi yeyote anayetaka kuzikutanisha ameshakabiliwa na matatizo haya mawili kabla hajaandika nota ya kwanza. Watu wengi huyatatua kwa kuongeza vipaza sauti. Hilo si jawabu, ni fundi wa umeme.

Wajapani wamelifikiria suala hili kwa makini kuliko mataifa mengi, na inafaa tuwatazame. Kwanza tuondoe dhana moja. Ngoma ya Kijapani, taiko, ni ya kale sana katika mahekalu na sherehe za vijiji, lakini kundi la ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali zikipigwa pamoja jukwaani si jambo la kale hata kidogo. Lilianzishwa mwaka 1951 na Daihachi Oguchi wa mkoa wa Nagano, naye alikuwa mpiga ngoma wa jazi. Mwaka 1969 Tagayasu Den akakusanya vijana katika kisiwa cha Sado, wakaishi pamoja, wakikimbia masafa marefu kila siku na kupiga ngoma, wakajiita Ondekoza. Mwaka 1975 walikimbia mbio ndefu za Boston, na baada ya kufika mwisho wa mbio wakazishika ngoma zao wakaanza kupiga. Nawataja kwa sababu hii: kile ambacho dunia hukipokea kama mapokeo yasiyobadilika mara nyingi ni kazi ya watu wa juzi, wenye nia, mazoezi na ubishi.

Mwaka uliofuata, 1976, mtunzi Maki Ishii, aliyekuwa amesomea muziki Berlin, aliwatungia vijana hao kazi iitwayo Mono-Prism, ya ngoma za Kijapani na okestra nzima. Ilitolewa mara ya kwanza huko Tanglewood, katika jimbo la Massachusetts, na okestra ya Boston ikiongozwa na Seiji Ozawa. Si kazi ya kumbembeleza mtu aliyechoka. Nyuzi hapa haziimbi. Zinatanda kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, hazina wimbo wa kushika, na ngoma ndogo zinaingia chini yake kwa mapigo ya haraka lakini laini mno, kiasi kwamba msikilizaji hushindwa kusema ni wakati gani hasa zilianza. Hii ndiyo fahari ya Ishii. Alitambua kwamba ngoma haikuumbwa kwa kishindo peke yake, kwamba inaweza kunong'ona, na ikinong'ona fidla haina haja ya kupiga kelele. Kwa dakika hizo za mwanzo hakuna mwenyeji wala mgeni.

Lakini kazi inavyokwenda mbele hukumu yangu hubadilika. Ngoma kubwa inapochukua nafasi yake na okestra kuijibu kwa nguvu zote, muungano unageuka kuwa mashindano, na katika mashindano hayo nyuzi zimekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Pinde zinakwenda na kurudi, jicho linaziona, sikio halizipati. Wanaobaki kumkabili mpiga ngoma ni tarumbeta na ngoma za okestra yenyewe. Wazee wetu wa pwani wangeufahamu mchezo huu mara moja, kwani ndio uliokuwa ule wa beni, kila upande ukitaka kumzima mwenzake. Una raha yake. Ila usiitwe ndoa.

Mjapani mwingine, Toru Takemitsu, alikuwa ameshakataa ndoa hiyo waziwazi miaka tisa kabla. Katika November Steps ya mwaka 1967, iliyotungwa kwa ajili ya okestra ya New York ilipotimiza miaka 125, aliziweka ala mbili za jadi, biwa ya nyuzi na filimbi ya shakuhachi, mbele ya okestra, wala hakujaribu kuzipatanisha. Kila upande unasema zamu yake na kwa lugha yake. Wajapani wana neno "ma", maana yake ni nafasi iliyo baina ya vitu viwili, ule ukimya ambao nao ni sehemu ya muziki. Takemitsu aliandika ukimya huo kwa uangalifu kama wengine wanavyoandika sauti. Ngoma hakuitia humo, ni kweli, lakini fundisho lake kwa watu wa ngoma ni kubwa kuliko la Ishii: wawili wasioweza kusema kwa pamoja waweza kupeana zamu, na zamu si aibu kwa yeyote.

Sasa turudi nyumbani, ambako habari si njema sana.

Mnamo mwaka 1967 Michel Vuylsteke alizuru Burundi na vinasa sauti, na mwaka 1968 kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri ya muziki wa nchi yetu. Ni santuri iliyofanywa kwa heshima. Ndani yake zimo sauti za inanga, za waimbaji, na sauti ya ngoma. Miaka mitatu tu baadaye, 1971, ikatoka Ufaransa sahani nyingine iitwayo Burundi Black: mapigo ya ngoma yale yale yaliyonaswa, na juu yake vimeongezwa piano na magitaa. Ikapendwa, ikaingia hata katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi huko Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell, ambaye ni msanii mkubwa na sina nia ya kumvunjia heshima, aliyatumia mapigo hayo katika wimbo uitwao The Jungle Line. Alikikata kipande cha mkanda, kikaunganishwa kichwa na mkia ili kizunguke bila kikomo, naye akaimba juu yake pamoja na gitaa na kinanda cha umeme. Katika orodha ya wapigaji, ngoma zetu zikaandikwa kuwa ni ngoma za wapiganaji wa Burundi.

Makosa hapo ni zaidi ya moja. Ngoma ile haikuwa ya vita. Ilikuwa ya ufalme, ya Karyenda, ya sherehe ya umuganuro ambapo mtama ulibarikiwa kabla ya kupandwa. Wala haikutoka msituni, kama kichwa cha wimbo kinavyodokeza. Ilitoka katika vilima vya mashamba na ng'ombe, kwenye boma la mfalme, mahali palipokuwa na adabu nyingi kuliko miji mikubwa mingi. Tena hakuna jina la mpigaji hata mmoja. Hayo ni makosa ya maandishi, na maandishi hurekebishwa. Kosa zito zaidi limo ndani ya muziki wenyewe, na hilo halisemwi mara kwa mara.

Katika kundi la ngoma za Kirundi, kama wajuavyo wengi, ngoma moja hukaa katikati, nayo ni inkiranya. Nyingine hupangwa nyuma yake kwa umbo la mwezi mchanga. Amashakwe hushika pigo moja lisilobadilika. Ibishikizo hufuata kile kinachoamriwa na inkiranya. Mpigaji wa inkiranya hucheza, huruka, hutishia, huita, na akichoka au akiona inatosha huondoka akampisha mwingine, naye huleta mtindo wake. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba zamu itachukua dakika ngapi. Inkiranya ndiye anayeamua, na wengine wote wanamngoja. Ukichukua kipande cha mkanda cha sekunde chache ukakizungusha, unachobaki nacho ni mapigo bila mwamuzi. Ngoma inalia lakini haisemi tena, kwa maana anayeisemesha ameondolewa.

Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu wa darasa la tisa vipande viwili, kimoja cha wapiga ngoma wenyewe na kingine cha mkanda unaozunguka chini ya magitaa. Sikuwaambia ni kipi ni kipi. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza kuhusu kile cha pili: "Mwalimu, mbona hawa hawachoki?" Nimesoma maandishi kadhaa ya wataalamu juu ya jambo hili, na sikupata humo sentensi iliyolikaribia swali la mtoto yule.

Baada ya hapo ulikuja wakati wa bendi za Uingereza kama Adam and the Ants, ambao mwaka 1980 waliweka wapiga ngoma wawili jukwaani ili kuiga mvumo wa Burundi. Hao tuwapite. Kinachofaa kukumbukwa ni mwezi wa Julai mwaka 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, wapiga ngoma wa Burundi waliposimama wenyewe, kwa miili yao, mbele ya umati wa Uingereza, na hata wakapiga pamoja na bendi ya Echo and the Bunnymen. Muziki uliotokea haukuwa na ufundi mkubwa, lakini safari hii magitaa yalilazimika kutazama mkono wa mtu aliye hai. Tofauti hiyo ni ya msingi kabisa.

Ama kuhusu nyuzi za kizungu zenyewe, yaani fidla mbili, fidla nene na chelo, kazi iliyo karibu nasi zaidi ni ile ya kundi la Kronos kutoka San Francisco, lililotoa mwaka 1992 mkusanyo wa tungo za Waafrika uitwao Pieces of Africa. Humo yumo Dumisani Maraire wa Zimbabwe, aliyetunga Mai Nozipo kwa heshima ya mama, naye mwenyewe akapiga ngoma pamoja na fidla hizo. Yumo pia jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye hakuleta ngoma. Aliwaachia wapiga fidla kazi ya kupokezana mapigo kama wanavyopokezana wapigaji wa ala za Buganda, huyu akijaza pengo la mwenzake, hata nyuzi zenyewe zikawa mdundo. Nikiombwa kuchagua, nitamchagua Tamusuza. Kwa Maraire nasikia furaha na utulivu, nayo ni mengi. Ngoma yake imekaa pale kama mzee wa nyumba anayewatazama wajukuu. Lakini fidla zake zinaimba kama ambavyo zingeimba popote. Kwa Tamusuza fidla imelazimishwa kubadili tabia. Haimsindikizi mtu. Imepelekwa jandoni.

Nimetaja kubadili tabia, na hapo ndipo ninapofika kwenye mfano ambao, kwa bahati, hauhitaji okestra ya Boston wala kampuni ya Paris. Uko Unguja, nao ni kidumbak.

Taarab yenyewe ni habari inayojulikana: jinsi Sultani Barghash alivyompeleka kijana wake Misri akajifunze, jinsi Nadi Ikhwan Safaa ilivyoundwa mwaka 1905, jinsi Siti binti Saad alivyokwenda Bombay mwaka 1928 kunasa sauti yake. Katika vyama vikubwa vya taarab tunaona mafidla, chelo, besi, kanuni, udi na akodiani, na ngoma zikiwa chache, zikikaa nyuma kwa adabu. Fidla ilikubalika upesi huko kwa sababu shingo yake haina vigawanyo, hivyo kidole kinaweza kupata zile sauti nyembamba za maqamu ya Kiarabu ambazo piano haina. Hapo ngoma ndiyo inayomngoja fidla. Ni ukumbi wa watu waliokaa kwenye viti, mashairi yanasikilizwa, na mpenzi wa taarab akiguswa hunyanyuka kutunza fedha, halafu akarudi kukaa.

Kidumbak ni ndugu wa taarab aliyebaki uani. Fidla imo, mara nyingi moja tu. Lakini besi si besi. Ni sanduku, yaani kasha la chai lililofungwa uzi mmoja na fimbo. Zimo ngoma mbili ndogo za udongo au mbao, ambazo ndizo zinazoupa mchezo jina lake, na cherewa za vifuu, na mkwasa wa kugonganishwa. Waimbaji huunganisha nyimbo moja baada ya nyingine bila kituo, mwendo unazidi kuharakishwa, maneno yanazidi kupoteza haya, na wanawake wa harusi wanacheza. Hapo sikiliza fidla. Hainyooshi sauti ndefu tena, inakata. Upinde unakwaruza, unarudia vipande vifupi, unaruka juu ya pigo la ngoma na kuanguka nyuma yake, na mara nyingine mpigaji huacha kabisa ili kidumbak kiseme peke yake. Fidla hii ni ile ile iliyotengenezwa kwa vipimo vya Italia. Imejifunza kungoja, na kwa kungoja ikapata sauti ambayo walimu wa Ulaya hawakuifundisha.

Utaniambia kwamba kidumbak ni mchezo wa maskini, na kwamba sanduku lilitumika kwa kukosa fedha za besi. Ndivyo. Lakini wapigaji wengi wa kidumbak wamekuwa pia wapigaji katika vyama vikubwa vya taarab. Usiku huu wamevaa suti wakisoma nota, kesho wako uani na sanduku. Wanazijua njia zote mbili na wanachagua kulingana na hadhira. Kwa hiyo si ujinga wa muziki wa juu uliowapeleka huko. Ni elimu ya pili.

Sasa, je, sisi wa Burundi tufanye nini? Swali hili si la darasani tu. Katika mikutano ya walimu wenzangu tumelibishania zaidi ya mara moja, kila linapotajwa tamasha la shule. Wapo wasemao kwamba ngoma iachwe katika utukufu wake, isikaribiwe na fidla wala gitaa. Nawaheshimu, ila nawakumbusha kwamba ufalme ulifutwa mwaka 1966, na tangu hapo ngoma imekwisha kupigwa viwanjani, kwenye viwanja vya ndege na mbele ya watalii. Na mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Imeshatoka bomani zamani. Wapo wa upande wa pili, hasa vijana, wanaotaka kuweka kinanda cha umeme chini ya ngoma ili "izidi kupendeza". Hao siwaheshimu kiasi hicho. Kinanda kile kina mapigo yake yaliyotiwa kiwandani, nayo hayamngojei mtu yeyote, sembuse inkiranya. Matokeo yake ni kuwalazimisha wapigaji hai wafuate mashine, na hapo tutakuwa tumejifanyia kwa mikono yetu kile ambacho Wafaransa walitufanyia kwa mkasi na mkanda.

Linalonishangaza ni kwamba katika ubishi wote huo hakuna anayeitaja inanga. Tunazungumza juu ya nyuzi kana kwamba nyuzi zote zilikuja kwa meli. Tunayo inanga, na tunayo indingidi ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, dada wa endingidi ya Uganda. Inanga huimbwa kwa mnong'ono. Sauti ya mwimbaji haitoki kooni kama ya wimbo wa kawaida, ni pumzi inayotembea juu ya milio ya nyuzi, na masikio ya msikilizaji hukamilisha kile ambacho pumzi haikusema. Ni muziki wa jioni, ndani ya nyumba, kwa watu wachache. Ngoma ni ya mchana, nje, kwa taifa zima. Ndiyo maana wazee hawakuzikutanisha. Si kwamba hawakuwa na akili ya kufanya hivyo. Walikuwa na masikio. Ukizipiga pamoja, mnong'ono utakufa kwa pigo la kwanza la ishakwe.

Hata hivyo Ishii ametuonyesha kwamba ngoma yaweza kunong'ona, Takemitsu ametuonyesha zamu, na watu wa Unguja wametuonyesha kwamba mgeni anaweza kufundishwa kungoja. Sioni sababu ya inanga kukosa nafasi yake. Ianze inanga peke yake, watu wakiwa wamekaa karibu. Ngoma ziwepo zimenyamaza, zionekane. Kisha ishakwe moja tu iguswe kwa ncha za imirisho, chini kabisa, na inanga isiache. Halafu inanga ikome, inkiranya atoke. Fidla ikiwapo, kwa kuwa katika baadhi ya kwaya za huku ziwani zimeanza kuonekana, ikae upande wa inanga na si upande wa ngoma, ijifunze kwanza kuvuta sauti nyembamba kama pumzi. Na urefu wa kipande uachwe mikononi mwa mpiga inkiranya, hata kama ratiba ya mgeni rasmi itachelewa.

Liko jambo moja lenye kuuma ambalo mwalimu hawezi kulikwepa. Amri ya Rais ya mwezi wa Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma, ikaweka sharti la kibali cha wizara inayohusika na utamaduni kwa maonyesho yasiyo ya sherehe za serikali, na malipo ya faranga 500,000 kwenye hazina. Sababu iliyotolewa ni kuilinda heshima ya ngoma, na mtu aliyesikia jinsi ngoma ilivyokatwa kwa mkasi mwaka 1975 hawezi kusema kwamba hakuna cha kulinda. Lakini katika darasa langu wasichana ni zaidi ya nusu. Yule aliyeuliza kwa nini wapigaji hawachoki anaweza kushika fidla, anaweza kushika inanga, na umurisho hawezi kuushika. Kwa hiyo katika mpango nilioueleza yeye atakuwa upande wa nyuzi, si kwa kuchagua. Nimemwambia hivyo bila kuzunguka. Akaniuliza kama wa upande wa nyuzi anaruhusiwa kuamua ni lini ngoma ianze. Katika utungo huu anaruhusiwa, kwa sababu inanga inapokoma ndipo inkiranya anapotoka.

Maombi ya kibali yapelekwe mapema, angalau mwezi mzima kabla, na mpiga inanga atafutwe sasa, kwa maana wa namna hiyo ni wachache na wengi wao ni wazee.